Uzi Mweupe Ndani ya Glasi

Mwangaluka, Kabula.

Nimetumia salamu ya asubuhi ingawa hapa ninapoandika jua bado linachoma bati, kwa sababu utaisoma kesho mkiwa mmeamka huko Zagayu, kabla wewe na mama yako hamjaja mjini kwenye basi. Barua hii ataileta Luhende, yule ninayebeba naye marobota ya pamba kiwandani. Anakwenda kwao jioni hii na amekubali kuzunguka mpaka kwenu. Simu ninayo, lakini kwenye simu ningekohoa, na wewe ungeanza kuhesabu mara ngapi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kula vizuri. Mama yako amekwisha kusema hayo, na atayarudia mpaka mlango wa basi ufungwe. Mimi nataka kukuambia kwamba naogopa. Nilipokukatalia Jumapili nilijifanya nimekasirika, na wewe ukaondoka ukidhani baba ana kiburi. Sikuwa na kiburi.

Nakumbuka ulivyoanza. Mama yako alikuwa anachambua mchicha, mimi nimekaa kitandani.

"Baba, hicho kikohozi kina muda gani?"

"Ni vumbi la pamba. Sisi wote wa kiwandani tunakohoa."

"Vumbi halimlowanishi mtu shuka kwa jasho."

"Umekuwa daktari lini? Si ulisema wewe ni mtu wa sukari?"

Mama yako hakuinua hata kichwa. "Mjibu mtoto," akasema.

Hapo ndipo ulipotoa sharti lako: nipeleke makohozi hospitali ya wilaya, vikopo vyote viwili, la sivyo hupandi basi, na hao Wafaransa wampe mtu mwingine nafasi yako ya maabara. Nilicheka. Kisha nikaona uso wako, ni uso wa mama yako kabisa, na watu wenye uso ule hawatanii. Nikasema siendi. Ukasema na mimi siendi. Ukachukua mkoba wako, wewe na mama yako mkarudi Zagayu.

Nimebeba maneno hayo kiwandani siku zote hizi. Nisipopima, huendi. Nikipima wakanikuta na kifua kikuu, pia huendi, utabaki kunipikia uji na kunisimamia vidonge. Kila njia niliyoiona ilikuwa inakurudisha kwenye chumba hiki. Na kuna hofu nyingine ambayo sikukuambia, hofu ya hicho unachokwenda kukishika.

Unajua mimi shule niliishia darasa la tano, Kasulu. Nilikuja huku kijana, nikifuata watu waliosema Usukumani pamba inatafuta migongo. Nilipata kazi wakati kiwanda bado ni cha ushirika. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakatokea kila kona na mizani zao, kiwanda kikafungwa, na sisi vibarua tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Nyumbani kwangu kulikuwa mbali, na nilikuwa nimemwoa mama yako. Baba yake, guku wako, akanionyesha kipande cha ardhi karibu na mto Simiyu, akasema mwanamume halimi maneno. Nikaanza nyanya.

Jirani yangu pale mtoni alikuwa Masanja. Wewe humkumbuki vizuri, ulikuwa bado hujaanza shule. Alikuwa mtu wa mzaha. Kila asubuhi aliniita kutoka ng'ambo ya mfereji: "Wewe Mkigoma! Umeamka au umerudi sasa hivi na ungo wako?" Nami nilimjibu, "Nimepita juu ya nyumba yako, nimeona bati limetoboka." Tulicheka. Watu wote hapa nchini wanataniana hivyo na sisi wa Kigoma, kwamba tunaruka na ungo. Sikujua kwamba mzaha ukikaa sana kwenye akili ya mtu hugeuka ushahidi.

Mwaka ule nilinunua miche ya nyanya mnadani kwa mtu nisiyemjua. Siku hizo kila kitu kiliuzwa na kila mtu, mbegu, dawa za ng'ombe, sindano, na hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Miche ilikuwa mizuri. Ikabaki, nikampa Masanja bure. Nilimpa kwa mikono miwili, Kabula, na yeye akapokea kwa mikono miwili.

Mimea ilipoanza kuweka maua, baadhi ikaanza kulegea mchana. Jioni inasimama, mchana wa kesho inalegea tena. Majani yalikuwa bado mabichi kabisa, hayakuwa na doa wala mdudu. Mimi nikasema ni kiu. Nikafungua maji zaidi, nikayapitisha kwenye mimea iliyolegea kwanza kwa kuihurumia, kisha yakashuka kwa mimea mizima, kisha yakavuka mpaka kwa Masanja, kwa sababu shamba lake lilikuwa chini yangu na mfereji ulikuwa mmoja. Iliyokufa niling'oa nikaitupa mferejini. Hakuna kosa ambalo sikulifanya. Nililifanya kwa bidii, tangu alfajiri.

Shamba la Masanja likafa lote likiwa la kijani. Kitu kinachokufa na rangi yake kinatisha kuliko kilichokauka. Mzaha ukaisha. Asubuhi moja sikuitwa Mkigoma. Jioni sungusungu wakanipeleka kwenye mkutano.

Sijawahi kukusimulia nilivyokaa pale. Wanaume walikaa duara na fimbo zao, na kila mmoja nilimfahamu. Masanja alisimama akasema, "Miche alinipa yeye. Maji yametoka kwake. Shamba langu limekufa bila kuguswa na mdudu. Mniambie ninyi." Na ukiyatazama maneno yake moja moja, yote yalikuwa kweli. Nilijua wenye kesi kama ile walivyofanywa sehemu nyingine. Nilikuwa nawaza mama yako atakupeleka wapi.

Mama yako hakuwepo pale. Nilidhani amekimbilia kwa baba yake. Kumbe alikuwa amekimbilia mjini kwa yule bwana shamba aliyepunguzwa kazi na serikali, aliyekuwa ameanza kuuza mbegu kwenye kibanda. Walikuja na baiskeli moja, mama yako nyuma amekubeba mgongoni. Bwana shamba hakusalimia hata watu. Aliomba glasi na maji safi. Akachukua shina la nyanya iliyolegea, akalikata kwa kisu, akaishika ncha yake ndani ya maji, watu wote wakitazama mkono wake.

Ukatoka uzi mweupe. Uliteremka taratibu kutoka kwenye shina, kama maziwa yanayodondoka ndani ya maji, ukafika chini ukatanda. Akasema, "Huyu ndiye mchawi wenu. Ni bakteria. Wameziba mishipa ya mmea, maji hayapandi. Wanakaa kwenye udongo, wanatembea na maji, na miche, na kisu." Akakata shina lisilo na ugonjwa la shamba lingine, akalitia kwenye glasi ya pili. Halikutoa kitu.

Wewe ulitoka mgongoni kwa mama yako ukaenda mpaka kwenye glasi, ukaweka pua. Mzee mwenyekiti akasema, "Mtoeni mtoto." Hukutoka.

Watu walisogea mmoja mmoja wakachungulia. Masanja peke yake hakuja. Aliitwa mara kadhaa. Akasema kwa mbali, "Hata mimi naweza kutia maziwa kwenye glasi." Mkutano ukaniachia, lakini yeye alihamia Geita kwenye dhahabu, na hakuniaga. Mimi nilirudi kwenye marobota kiwanda kilipofunguliwa tena. Nimemlaumu miaka mingi kwa kutokutazama. Ilikuwa hatua chache tu, Kabula. Angetazama.

Ndiyo sababu uliporudi kutoka chuo cha Morogoro ukaniambia utakwenda Ufaransa kushughulika na bakteria wa mnyauko, wale wale, niliogopa. Ulisema, "Si wao wenyewe, baba. Ni kitu kimoja tu wanachotengeneza." Ukanikalisha hapa kwenye kigoda ukanieleza, nami nikawa natikisa kichwa nusu naelewa nusu naogopa. Acha nikuandikie nilichoelewa, ili ujue sikuwa nasinzia.

Ulichukua mbegu ya pamba mfukoni mwangu, ile ambayo mashine imeiacha na manyoya. Ukasema kila chembe ya mwili, ya mtu, ya ng'ombe au ya nyanya, imevaa manyoya namna hii, ila manyoya yake ni sukari. Si sukari ya chai, ni za aina nyingi, zimeungana minyororo. Na viumbe wadogo wana protini ambazo kazi yake ni kuzipapasa hizo sukari na kuzishika. Hawana macho, ukasema. Wanajua wamefika wapi kwa kushika.

Protini ya bakteria wa mnyauko ni ndogo sana. Vipande vitatu vinavyofanana vinakaa duara kama mafiga, na pamoja vina mifuko sita, na kila mfuko unaingia sukari moja inayoitwa fukosi. Nikakuuliza, mfuko mmoja una nguvu gani? Ukasema kidogo tu, unashika na kuachia, unashika na kuachia. Lakini yote sita ikishika kwa pamoja, mmoja ukiachia mitano bado imekamata, na kabla haijaachia ule wa kwanza umerudi. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Ndivyo tunavyobeba robota. Mtu mmoja akiteleza, wengine wanalishikilia mpaka arudishe mkono.

Kisha ukasema jambo lililonitisha zaidi. Kwamba ninyi mnachukua yale maelekezo ya kutengeneza protini hiyo, mnayatia ndani ya bakteria wengine wapole wa maabara, nao wanaitengeneza kwa ajili yenu kama vibarua, wala hawajui wanatengeneza nini. Mnaitoa, mnaibadilisha. Mnaziba mifuko mingine mnaacha mingine, mnaona inashika namna gani. Mnaunganisha duara mbili mgongo kwa mgongo, upande huu ushike sukari hii, upande ule ushike nyingine, iwe kama mtu aliyeshika watu wawili mikono. Mkitengeneza vifuko vidogo vya mafuta vyenye dawa, mnavipachika mikono hiyo viende vikashike chembe mnayoitaka. Ulisema chembe za saratani hubadilisha manyoya yake ya sukari, kwa hiyo pengine siku moja zitatambuliwa kwa kupapaswa.

Nikakuuliza, "Na hao bakteria wa mnyauko, wao wanaitumia kufanya nini hasa kwenye nyanya?"

Ukasema, "Hilo hata walimu wangu hawana uhakika nalo, baba."

Ulisema hivyo kwa furaha, kana kwamba ni habari njema. Mimi sikulala. Mwanangu anakwenda nchi ya milima na theluji kuchezea mkono wa kitu kilichokaribia kuniua, na wenye kazi hawajui mkono huo ulikuwa unatafuta nini. Najua utasema mkono peke yake si ugonjwa, kisu kikiwa mezani hakichinji mtu. Nimelielewa. Hofu haikuelewa.

Jambo moja lilinikaa kwa namna nyingine. Nilikuuliza, sasa ikishika namna hiyo, ninyi mnaipataje ikiwa safi? Ukasema mnaimimina kwenye mrija uliojaa vipunje vyenye sukari, uchafu wote unapita, yenyewe inabaki imeng'ang'ania. Nikasema, basi mmekwama, maana mtaing'oaje? Ukacheka. Ukasema haing'olewi. Mnaimwagia sukari ileile ikiwa huru ndani ya maji, nyingi, nayo inashika hiyo na kuondoka nayo. Nimelifikiria hilo nikiwa na robota begani. Sijui kwa nini.

Na uliniambia juu ya mate. Hii ilikuwa Jumapili hiyohiyo, kabla hatujagombana. Uliomba nikupulizie maji, kama guku wako alivyokuwa anafanya mtu wa nyumba ile akisafiri, mzee anachukua maji mdomoni na kuyapuliza kifuani na mikononi mwa anayeondoka. Mimi si Msukuma, lakini guku alinipulizia mimi pia siku aliyonipa lile shamba, na tangu hapo nimelichukua kuwa jambo langu. Ukanichekesha, ukasema mate nayo yamejaa sukari za namna hiyo, na viumbe wengine wakija wanazishika hizo wakidhani wamefika kwenye mwili, kisha tunawameza. "Guku alikuwa anawadanganya bakteria," ukasema.

Nami nikasema sikupulizii. Niliona macho yako. Ukadhani nakunyima baraka kwa sababu unakwenda nisikotaka. Mwanangu, niliogopa mdomo wangu. Nilikuwa nimekohoa asubuhi ile kwenye kitambaa na nilichokiona sikukipenda. Ulikuwa umekwisha kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya safari, umeambiwa uko safi. Ningechukuaje maji mdomoni mwangu niyamwage kifuani kwako? Sikuweza kulisema. Kulisema kungekuwa kupima. Ndipo nikatafuta hasira nikajifunika nayo.

Sasa nikuambie kilichotokea juzi. Tulikuwa tunapakia lori, kikohozi kikanishika, nikaliachia robota. Wenzangu walilishikilia, hakuna aliyeumia. Luhende akaniambia, "Mzee, nenda hospitali." Nami bila kufikiri nikamjibu, "Hao wakitaka ugonjwa watauona tu, hata ukiwapelekea maji ya kisima." Nikasikia sauti yangu. Ni maneno ya Masanja, Kabula. Ni glasi ya maziwa. Miaka yote hiyo nimemcheka mtu aliyeogopa kutembea hatua chache, na kikopo kimekaa chini ya kitanda changu tangu mama yako alipokileta. Nilikuwa nakipiga teke kila ninapovaa viatu.

Hakuwa mjinga yule. Alikuwa na hofu, kwa sababu akitazama na ikawa kweli ni bakteria, basi hakuna wa kulaumu na shamba bado limekufa. Nami nikitazama na ikawa kweli, sina vumbi la kulisingizia tena.

Leo nimekwenda. Nimekaa kwenye benchi na watu waliofunika midomo, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nimetoa cha kwanza. Binti wa dirishani, umri kama wako, alisema, "Baba, hiki ni cha leo. Cha pili tunataka makohozi ya kuamkia, kesho mapema kabisa, na usichelewe kwa sababu wikiendi hatupokei. Majibu ni wiki ijayo." Nikamuuliza kama naweza kukileta mchana. Akasema, "Baba, unataka kupima au unataka kunisalimia?" Watu wa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka, na kucheka kukaleta kikohozi.

Kwa hiyo majibu yatatoka wewe ukiwa umekwisha kuvuka bahari. Nimefikiri hilo ni vizuri na ni vibaya. Hutajua unaondoka ukimwacha baba wa namna gani. Mimi nami nitakaa na siku hizo peke yangu, na sikufichi, naziogopa kuliko nilivyouogopa ule mkutano, kwa sababu pale nilijua mama yako yuko njiani na mtu. Wakinikuta nacho, wanasema dawa zipo na hazinunuliwi, na Luhende amesema atakuwa ananiuliza kila siku kama nimemeza, na ninyi mnajua Luhende anavyouliza. Nitakuambia ukweli nitakaoambiwa. Na wewe niahidi hivyohivyo. Usiniandikie kwamba kila kitu kiko salama. Niandikie unachokiogopa huko, hata kama ni kidogo, hata kama ni baridi tu au mwalimu mwenye sauti kubwa. Mtu anayeniambia hofu yake najua yuko wapi.

Jambo la mwisho ndilo gumu, na nimelizungukia kurasa zote hizi. Dirisha la maabara linafunguliwa asubuhi, na basi lako la Mwanza linaondoka asubuhi hiyohiyo. Nimejaribu kuyapanga mambo haya mawili kama mtu anayepanga marobota kwenye lori dogo. Hayaingii yote. Nikija stendi nitachelewa foleni, na wewe utanishika mkono utaniuliza, "Cha pili umepeleka?" nami sitaweza kukudanganya, nawe hutapanda. Nakujua.

Basi usinitafute stendi. Mama yako atachukua maji, kifua chake ni kizima, akupulizie kifuani na mikononi, na ajue anapuliza kwa niaba ya wawili. Mwambie asimwage kidogo kidogo kama anayenyunyizia mchicha.

Basi likitoka mjini litapita barabara ya mbele ya hospitali. Usimwombe dereva asimame. Usishuke. Nitakuwa ndani kwenye benchi, kikopo mkononi, nikiogopa kama nilivyokuambia, lakini nitakuwa nimetazama.

Ulisema vikopo viwili. Ni viwili. Panda basi.

Baba yako